Niliagiza Weather Report ya 1971, wakaniletea ya 1982, kisha wakaniambia ni ileile

Nyota moja. Naandika hasira zikiwa bado kifuani, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Wiki kadhaa zilizopita niliagiza santuri kwenye duka moja la mtandaoni linalojinadi kuwa linauza jazi tu. Nilitaka albamu ya kwanza ya Weather Report, bendi ya jazi ya Marekani. Maelezo yao yalisema 1971, na picha ya jalada ilikuwa ya 1971. Mzigo ukafika, nikakata gundi taratibu kama mtu anayefungua barua ya nyumbani, nikakuta Weather Report kweli. Ya 1982.

Kwa asiyejua: bendi hii ilitoa albamu mbili zenye jina lake tupu bila neno jingine, moja ya kuanzia safari na nyingine zaidi ya miaka kumi baadaye. Kuzichanganya ni kosa linaloweza kumpata yeyote, na nilipoona jalada sikukasirika. Nilipiga picha mbele na nyuma, nikawaandikia kwa upole, nikaomba tubadilishane. Siku kadhaa kimya. Halafu likaja jibu, nalinukuu kwa sababu nimelisoma mara nyingi mno: "Kaka, bendi ni hiyohiyo, jina ni hilohilo, na hii ndiyo mpya zaidi. Umepata faida."

Faida!

Kama angeniambia "tumekosea, ile imeisha," ningenyamaza. Kama angesema nisubiri mwezi, ningesubiri. Lakini mtu anayejiita muuzaji wa jazi kuniambia kwamba hizi ni kitu kimoja ni sawa na kumwambia mtu aliyeagiza maziwa kwamba mtindi ni bora kwa kuwa umekaa zaidi.

Nieleze kwa nini niliitaka ile ya 1971. Mjomba wangu alikuwa nayo kwenye kanda, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameirekodi kutoka santuri ya rafiki yake, na alichelewa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo kanda ilianzia katikati ya kipande cha kwanza, "Milky Way". Nimekua na albamu isiyo na mwanzo. Baadaye nikaja kujua kwamba mwanzo ule ndio wenye maajabu: Joe Zawinul, mpiga kinanda wa bendi, anabonyeza vitufe vya piano bila kuvigonga, nyuzi zinabaki wazi, Wayne Shorter anapuliza saksafoni ya soprano kuelekea ndani ya piano, na kinachosikika ni nyuzi zikimwitikia. Piano inalia bila kupigwa. Najua naweza kuusikia mwanzo huo kwenye simu, na nimeusikia. Nilitaka kuweka sindano mwenyewe kwenye mfereji wa kwanza na kukaa kimya.

Sasa tuje kwenye hilo la "bendi ni hiyohiyo".

Chukua majalada mawili, soma nani katunga nini. Ya 1971 ina vipande vinane. Zawinul peke yake ana viwili. Shorter viwili. Miroslav Vitouš, mpiga besi kutoka Praha, viwili. "Milky Way" ni ya Zawinul na Shorter pamoja, na "Umbrellas" ni ya wote watatu. Hesabu gani hiyo kama si ya watu walioketi mezani sawasawa? Na hawakuwa watoto. Zawinul, mzaliwa wa Vienna, alikuwa ametoka kwenye bendi ya mpiga saksafoni Cannonball Adderley. Shorter alipita kwa mpiga ngoma Art Blakey, kisha akakaa kwenye kwinteti, yaani kundi la watu watano, ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Wote wawili walikuwamo Miles alipokuwa akirekodi na vinanda vya umeme mwaka 1969. Waliposhirikiana na Vitouš mwaka 1970 wakaamua kwamba hakuna atakayesimama mbele huku wengine wakimsindikiza. Zawinul alikuwa akisema kwamba kwao kila mtu anapiga solo, yaani anatamba peke yake, na hakuna anayepiga solo. Sikiliza "Orange Lady" uone. Huwezi kunyoosha kidole useme kiongozi ni huyu.

Ya 1982 ina vipande saba. Zawinul peke yake: vitano. Shorter: kimoja, "When It Was Now". Kimoja kilichobaki kimeandikwa kwa jina la wote. Vitouš hayumo kabisa. Mpiga ngoma wa kwanza, Alphonse Mouzon, hayumo. Airto Moreira na ala zake ndogondogo za midundo za Brazili hayumo. Kati ya waliopiga mwaka 1971, wamebaki wawili tu. Ndugu muuzaji, hiyohiyo iko wapi?

Vitouš hakupotea kwa bahati mbaya. Mwaka 1973, kwenye "Sweetnighter", Zawinul alianza kutaka mapigo ya kuchezesha mwili, besi inayoshika mdundo mmoja na kuurudia hadi ukuingie mifupani. Vitouš alikuwa mtu wa kusugua nyuzi kwa upinde na wa mazungumzo, besi yake ilikuwa ikijibu na kuuliza. Njia zikaachana, akaja mpiga besi mwingine, Alphonso Johnson, kwenye "Mysterious Traveller" ya 1974. Kuna watu wanaosema hapo ndipo bendi ilipokomaa. Mimi kwa miaka mingi nilisema hapo ndipo ilipoanza kufa, na nimegombana na marafiki kwa ajili hiyo.

Baada ya hapo sinthesaiza, vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, zikatamalaki. Sisemi kwamba Zawinul alikuwa mvivu nazo. Kwenye "Black Market" ya 1976 aliigeuza kibodi yake kichwa chini, noti za juu zikawa kushoto na za chini kulia, ili vidole visiende njia vilivyozoea. Mtu wa namna hiyo lazima umheshimu. Kwenye albamu hiyohiyo mpiga besi Jaco Pastorius akaingia kwa vipande viwili, na mwaka uliofuata ikaja "Heavy Weather" yenye "Birdland", ile ambayo hata asiyesikiliza jazi anaijua. Ni nzuri. Nimeichoka, lakini ni nzuri. Mwaka 1978 wakatoa "Mr. Gone", na jarida la jazi la Down Beat likawapa nyota moja, wao waliozoea kusifiwa humo. Mwaka 1979 wakajibu kwa "8:30", pande tatu za jukwaani na moja ya studio, wakachukua Grammy.

Sasa fikiria yote hayo yamepita kati ya jalada moja na jingine, halafu mtu anaandika "mpya zaidi".

Nilikuwa nimekusudia kuirudisha bila kuifungua. Nilipowaandikia tena wakaniambia kurudisha ni kwa gharama zangu, na iwe haijafunguliwa. Usiku ule, kwa hasira tupu, nilichana nailoni na kuiweka kwenye mashine. Nilitaka kuisikiliza ili nipate vya kuisema vibaya hapa. Huo ndio ukweli.

"Volcano for Hire" ikaanza kwa vishindo, nikatikisa kichwa: ndiyo hii, kelele za vinanda. Nikaandika kwenye karatasi "nzito, imejaa mno". Ikaja "Current Affairs", polepole, nikaacha kuandika. Shorter hapigi sana katika albamu hii, na miaka yote nimemlaumu kwa kunyamaza na kumwachia Zawinul nyumba. Lakini anapoingia, hata kwa noti chache, hewa inabadilika. Ni mtu anayejua kwamba mwenzake anasema sana, akachagua kusema pale tu pasipo na nafasi ya kukosea.

Nikageuza upande wa pili. Mwisho kabisa kuna "Dara Factor Two", kile kilichoandikwa kwa majina ya watano: Zawinul, Shorter, Jaco, mpiga ngoma Peter Erskine na Robert Thomas Jr. wa ala za midundo. Hakuna anayesimama mbele. Hakuna anayemsindikiza mwenzake. Nilikaa wima. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye ile ya 1971, kimevaa nguo nyingine. Na ndicho kipande cha mwisho cha albamu ya mwisho ambayo Jaco alirekodi nao studio. Baada yake yeye na Erskine waliondoka, wakaja Victor Bailey kwenye besi na Omar Hakim kwenye ngoma, na kufikia 1986 bendi ilikuwa imekwisha. Jaco alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 35. Nilirudisha sindano nikakisikiliza tena, na tena, hadi nikasahau kwamba nilikuwa na ugomvi.

Kwa hiyo, kwa haki, santuri yenyewe ni nyota nne. Haina mkwaruzo, jalada halijapinda, na sauti ya besi ni nene kuliko nilivyowahi kuisikia. Nilikaribia hata kufuta kile nilichoandika juu na kuwapa duka nyota tatu. Maana bila uzembe wao nisingeinunua albamu hii maisha yangu yote.

Halafu asubuhi nikasoma tena lile jibu.

Hapana. Hawakunitumia hii kwa kuwa walijua ina nini. Hawakuigeuza hata waone majina. Kama wangenijibu kwamba ni albamu tofauti lakini nijaribu kipande cha mwisho upande wa pili, ningekuwa mteja wao hadi uzeeni, ningewaletea na marafiki. Wao waliona jina, wakaona na lingine linalofanana, basi. Mimi na mjomba tulibishana miaka mingi kuhusu bendi hii ilipobadilika, yeye akisema haikubadilika, ilikua tu. Huenda alikuwa sahihi kuliko nilivyomkubalia. Lakini yeye alifikia hapo kwa kusikiliza. Nyota moja inabaki.

Jana nimewatumia ujumbe mwingine, wa tatu. Ya 1982 nabaki nayo, na nimekubali kuilipia. Ya 1971 bado naitaka, nayo nitailipia kando. Nimewaomba jambo moja tu. Kabla ya kufunga boksi, chukueni jalada, msome majina ya wapigaji. Mkiona Miroslav Vitouš, fungeni vizuri, tumeni. Mkiona Jaco Pastorius, hiyo tayari ninayo.