Kusaka santuri za zilipendwa Kenyatta Market, Nairobi: uzoefu wangu

Kama una gramafoni nyumbani na unapenda muziki wa dansi wa miaka ya 1970, ukienda Nairobi likizo itengee Kenyatta Market siku nzima. Mimi natoka Dar es Salaam, na santuri za bendi za kwetu nilizozipata pale sijawahi kuziona Kariakoo. Kwa santuri zenyewe nawapa alama za juu kabisa. Mazingira ni ya soko, yana joto na msongamano, kwa hiyo nenda ukijua hivyo.

Wengi wanashangaa kwa nini Mtanzania asafiri mpaka Kenya kutafuta muziki wa Morogoro na Tanga. Sababu ni kwamba bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania kwenye mikanda ya studio, zikapigwa hewani, na mikanda ikabaki maktaba. Mashine za kufyatua santuri zilikuwa Nairobi, na kampuni zilizokuwa na pesa za kuzisambaza pia zilikuwa huko. Ndiyo maana wanamuziki wengi walivuka mpaka. Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga wakajenga bendi ya Simba Wanyika Kenya, na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, naye alikuwa Kenya mauti yalipomkuta kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Tena Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983. Hebu fikiria ni santuri ngapi zilibaki upande ule katika miaka hiyo! Kwetu kilichobaki kingi ni kanda zilizonakiliwa juu ya kanda, na siku hizi flashi zenye nyimbo mia tano zisizo na jina la mpiga gitaa hata mmoja.

Kenyatta Market iko Mbagathi Way, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wenyeji wanaijua zaidi kwa nyama choma na ususi, na kweli ukiingia tu wasusi wanakuita kila upande na moshi wa majiko unakupokea. Vibanda vya santuri viko ndani, katikati ya hayo yote. Kinachojulikana zaidi ni Real Vinyl Guru. Ukimuuliza mtu yeyote "kwa mzee wa rekodi" utaelekezwa. Wakenya wengi husema rekodi, lakini ukisema santuri wanakuelewa vizuri.

Kinachonifanya niipende sehemu hii ni kwamba unasikiliza kabla ya kulipa. Nilipouliza kama inawezekana, mzee aliyekuwa anauza akanijibu, "Sikiza kwanza, hakuna haraka," akaifuta santuri kwa kitambaa laini, akashusha sindano. Hilo kwangu ndilo linalotenganisha muuzaji na mchuuzi. Katikati ya jiji niliingia kwa mtu mwingine, simtaji jina, aliyekataa katakata nisijaribu hata santuri moja, akasema zote ni nzima. Nilizigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikaona mikwaruzo mpaka karibu na lebo, nikamshukuru nikaondoka.

Santuri niliyokaa nayo muda mrefu ilikuwa ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, ya Mbaraka na bendi yake Super Volcano. Haikuwa na jalada la picha, ilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi uliochanika pembe, na juu ya lebo kulikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ya wino, mwenye mali wa zamani. Santuri ndogo kama hizi upande mmoja haubebi wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Upande wa kwanza unasikiliza mashairi, sauti zinajibizana, na gitaa la solo linapoanza tu kuwasha moto, sauti inashushwa taratibu mpaka inapotea. Unageuza. Hapo ndipo chemko lenyewe lilipo, gitaa linapanda, saksafoni zinaitikia, tumba zinasukuma. Nimesikia nyimbo za enzi hiyo mara nyingi kwenye simu, na mara nyingi mtu aliyezipandisha mtandaoni ameweka upande wa kwanza peke yake. Kuna Watanzania wamezeeka na nusu ya wimbo bila kujua. Hili linaniuma kweli, na ndilo linalonifanya nitafute santuri yenyewe badala ya kuridhika na nakala.

Ukienda, usiangalie vumbi, vumbi linaoshwa. Angalia mkwaruzo: upitishe ukucha taratibu, na ukiona ukucha unakwama, sindano nayo itaruka au itarudia neno moja mpaka uinyanyue. Halafu ishike santuri usawa wa macho uone kama imepinda, maana nyingi zilikaa miaka kwenye mabati na joto. Iliyopinda kidogo inacheza, ila iliyojikunja ukingoni iache hata kama unaitaka kwa moyo wote. Mwisho, hakikisha kilichoandikwa kwenye mfuko ndicho kilichomo. Mifuko ilibadilishana wenyewe zamani.

Bei zinatofautiana sana na hazibandikwi. Santuri ile ndogo nililipa shilingi 1,000 za Kenya baada ya kuzungumza kidogo. LP, yaani santuri kubwa, za bendi zenye majina, kama zile za mfululizo wa Ukumbusho za Mbaraka zilizotolewa Nairobi baada ya kifo chake, zinapanda mara kadhaa ya hapo, hasa jalada likiwa zima. Wanunuzi kutoka Ulaya na Japani wamejua thamani ya muziki huu na wauzaji wanalijua hilo. Mimi siwalaumu wauzaji. Hao ndio waliozihifadhi wakati sisi tulikuwa tunazitupa. Lakini ukizungumza nao kwa heshima, ukaonyesha unaujua muziki, bei hushuka na vitu vilivyofichwa nyuma huletwa mbele. Nilipotaja Orchestra Mangelepa na Super Mazembe, ilitolewa boksi nzima kutoka chini ya meza, santuri za Wakongo waliofanya kazi Nairobi, nyingine zikiimbwa kwa Kiswahili.

Kama una muda, pita pia Melodica, Tom Mboya Street, duka la muziki la tangu miaka ya 1970. Ni tulivu kuliko sokoni na liko mjini kabisa.

Suala la kusafirisha ni la kuliwekea akili. Ukirudi kwa basi kupitia Namanga, usikubali boksi lako liwekwe kwenye buti pamoja na mizigo; huko chini kuna joto, na gunia la mtu likilala juu ya santuri mpaka Dar hakuna kitakachopona. Zisimamishe wima, kata maboksi ya katoni uweke pande zote mbili, zifunge zisitikisike, ukae nazo miguuni. Zangu zilifika zote salama.

Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla walaji wa nyama hawajajaa na muuzaji akiwa na muda wa kukuchezea. Na ukiingia, ulizia Jamhuri Jazz ya Tanga. Nilizoonyeshwa mimi zilikuwa zimekwaruzika mno, lakini mzigo mpya unaingia kila familia inapohama nyumba au mzee anapogawa vitu vyake, na iliyo safi itakuja.