Mchoro Nilioununua kwa Simu: Uzoefu Wangu wa Miezi Minne

Miezi minne iliyopita nilinunua mchoro wa kwanza maishani mwangu, na niliununua bila kuuona kwa macho, kupitia huduma moja ya hapa Nairobi inayouza kazi za wachoraji kwa programu ya simu. Jina la huduma hiyo sitalitaja, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza naziona kuwa za njia yenyewe ya kununua sanaa kwenye kioo cha simu kuliko za kampuni moja.

Mimi si mkusanyaji. Kutazama picha nilijifunzia katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, pale nje ambapo nusu ya jiji hupeana miadi ya kukutana na wachache sana huingia ndani. Humo mna sehemu ya hazina aliyoikusanya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na nilipokuwa nikifanya kazi katikati ya mji nilizoea kupitia humo saa ya chakula cha mchana. Kununua, hata hivyo, kulikuwa jambo jingine kabisa. Gallery Watatu, jumba la sanaa lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu ambao idadi yao ndiyo iliyolipa jina, niliwahi kuingia mara mbili kabla halijafungwa, na mara zote mbili niliona haya kuuliza bei. Mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi akisimama mbele ya picha huku mhudumu akimtazama viatu, hujikuta amesema kwamba anapita tu.

Haya hiyo ndiyo ambayo huduma hii imeiondoa, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Kila mchoro umeandikwa bei, vipimo, aina ya rangi na mwaka uliochorwa, na chini yake imeonyeshwa sehemu ya fedha itakayomfikia mchoraji, ambayo kwa mchoro niliouchagua ilikuwa asilimia 65. Nililipa shilingi 42,000 kwa awamu tatu za M-Pesa bila riba, na baada ya awamu ya pili mchoro ukaletwa nyumbani pamoja na cheti chenye sahihi ya mchoraji. Katika majumba ya sanaa niliyowahi kuyatembelea sikuwahi kuambiwa mchoraji anabakiwa na kiasi gani, wala sikuthubutu kuuliza.

Mchoro wenyewe unaonyesha wachuuzi wa soko la Muthurwa wakikimbilia hifadhi mvua inapoanza, na umechorwa kwa rangi za akriliki. Kwenye simu ulikuwa unang'aa kama kioo cha duka. Ulipofika kwangu, mtaa wa South B, ukafunguliwa karatasi na kuegemezwa ukutani, nilidhani nimeletewa mwingine: buluu ilikuwa imefifia kuelekea kijivu, na watu niliowadhania wakubwa walikuwa wadogo kuliko kiganja changu. Baadaye nilielewa kwamba sikudanganywa na mtu. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, ilhali rangi iliyopakwa hungoja mwanga wa chumba uiangukie, na taa yangu ya sebuleni ni ya manjano. Tena, simu huzifanya picha zote ziwe na ukubwa mmoja; ya sentimita 30 na ya mita mbili hukaa katika kiganja kilekile. Vipimo nilivisoma, lakini kuvisoma si kuviona. Anayetaka kununua kwa njia hii akate magazeti kwa vipimo vilivyoandikwa, ayabandike ukutani na kuyaacha siku mbili kabla ya kulipa chochote.

Usafirishaji ndio ulionikera zaidi. Mchoro wa sentimita 90 kwa 120 uliletwa kwa bodaboda, umefungwa katoni na kamba, na kona moja ya fremu ilikuwa imebonyea. Waligharamia ukarabati bila ubishi, ila ulichukua wiki tatu.

Nilikuwa na siku saba za kuurudisha, na hadi siku ya tano nilikuwa nimeshaamua kuurudisha. Asubuhi ya siku ya sita, pazia likiwa limefunguliwa, niliona kwamba doa jeupe ambalo kwenye simu nililidhania kuwa wingu lilikuwa turubai tupu, yaani kitambaa chenyewe kinachochorewa, ambalo mchoraji aliliacha makusudi bila kulipaka rangi, na kwamba mvua yote ilikuwa mikwaruzo iliyochimbwa ndani ya rangi mbichi, pengine kwa mpini wa brashi. Ukipitisha jicho kwa ubavu unaihesabu michirizi mmoja mmoja. Hakuna picha hata moja kati ya nne zilizowekwa kwenye programu iliyoonyesha jambo hilo, na video fupi iliyopigwa kwa pembeni ingetosha.

Nilitaka kumuuliza mchoraji kuhusu mikwaruzo hiyo, lakini programu hufuta nambari yoyote ya simu inayoandikwa kwenye ujumbe. Ninaelewa kwamba wanalinda kamisheni yao. Hata hivyo, nimeshanunua na nimeshalipa, na anayetembelea karakana za wasanii hujua kwamba nusu ya raha ya kununua ni kumsikia aliyechora akieleza alivyokwama na alivyokwamuka. Ujumbe wangu ulijibiwa na ofisi, kwa maneno ya ofisi.

Niliweka picha ya mchoro kwenye kundi la WhatsApp la familia, na binamu yangu mwenye biashara ya uchapishaji akaomba aitumie kwenye kalenda. Ilinibidi nimweleze kwamba nilichonunua ni turubai na rangi iliyo juu yake, na kwamba haki ya kunakili imebaki kwa mchoraji. Cheti kinalitaja hilo kwa mstari mmoja, kwa herufi ndogo mno.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Nitanunua tena kwao mchoro mdogo, usiozidi urefu wa mkono. Mkubwa nitaufuata kwa miguu yangu, na bei nitaiuliza.