Uzoefu wangu: kifaa cha kupima uvujaji wa hewa ya turbo kwenye semi

Kama una lori la dizeli na limeanza kukosa nguvu mlimani, nunua kifaa hiki kabla hujanunua turbo, yaani ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Nimekitumia kwenye kichwa changu cha semi, injini ya silinda sita ya lita 12, na kwenye magari ya madereva wenzangu tunaopiga njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Gereji ya magari makubwa isiyo nacho inafanya kazi ya turbo kwa kubahatisha.

Chenyewe ni kitu rahisi. Kwenye boksi kuna vizibo vya mpira vya ukubwa tofauti, kimoja kina tundu la kuingizia upepo, halafu kuna koki, kidhibiti cha presha, geji na klampu. Unafungua mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye intakula (rejeta inayopoza hewa ya turbo), unaziba upande wa intakula. Unafungua na ule unaoingia kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), unaziba pia. Unajaza upepo, unafunga koki, unatazama geji. Upepo unaupata kwa fundi wa matairi yeyote, au kwenye tangi la upepo la gari lenyewe kama una mpira wenye koneksheni yake.

Gari langu lilichoka taratibu. Nikiwa na mbolea ya kwenda Zambia, kwenye mlima wa Kitonga nikawa napitwa na magari yenye injini ndogo kuliko yangu, na mafuta yakawa yanaliwa kuliko kawaida. Moshi mweusi haukuwa mwingi, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Injini za zamani za pampu, hewa ikipungua, mafuta yanaendelea kumwagwa vilevile, kwa hiyo moshi unajaa barabara nzima. Injini ya kompyuta ikiona hewa ni ndogo inapunguza mafuta yenyewe. Gari linakosa nguvu huku ekzosi ikitoa moshi wa kawaida tu, na dereva anailaumu dizeli ya kituo alichojazia.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikaonyesha hitilafu ya presha ya turbo kuwa chini. Akaniambia, "Mzee, turbo imekufa hiyo, tafuta nyingine." Lakini mashine haikusema hivyo. Ilisema hewa inayofika kwenye manifodi ni chini ya ile iliyotarajiwa, basi. Imepungulia wapi, yenyewe haijui. Nikamwomba tupime kwanza, akasema hana cha kupimia. Nikamshukuru, nikaenda kutafuta kifaa.

Kabla hujafungua mpira wowote, kuna mambo mawili ya bure. Tazama filta ya hewa na kile kiashiria chake cha kuziba, maana vumbi la barabara zetu linaimaliza filta mapema. Kisha washa switchi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha ya manifodi kwenye mashine. Injini ikiwa imezimwa, sensa hiyo lazima isome sawa na presha ya hewa ya nje. Ukiwa Dar ni karibu baa 1. Ukiwa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni baa 0.8 na kidogo. Ikisoma tofauti, anza na sensa yenyewe, aghalabu imejaa masizi na oili. Na jihadhari na hesabu: mashine nyingi zinajumlisha presha ya hewa ya nje ndani ya namba zinazoonyesha. Ukiona 2.4 ukiwa pwani, turbo imeongeza 1.4 tu. Nimeshuhudia watu wakibishana saa nzima juu ya turbo nzima kabisa kwa sababu mmoja alisoma geji ya dashibodi na mwingine alisoma mashine.

Sensa yangu ilikuwa sawa. Gari likiwa na mzigo na nimekanyaga mpaka mwisho, nilizoea kuona turbo ikiongeza baa 1.7. Sasa ilikuwa haifiki 1.1.

Tukafunga vizibo, tukajaza hadi psi 30, ambazo ni baa 2 na kidogo, tukafunga koki. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: presha isishuke zaidi ya psi 5 ndani ya sekunde 15. Intakula hailazimiki kukaza kama tyubu, kuvuja kidogo kunakubalika. Yangu ilishuka chini ya 10 kabla sekunde hizo hazijaisha. Mlio ulisikika lakini ulikuwa kama unatoka kila mahali, kwa hiyo utingo akachanganya maji na sabuni ya unga, tukaanza kupaka kwa brashi.

Mpira wa chini ulikuwa na mpasuko mfupi uliojificha chini ya klampu, huwezi kuuona mpaka uilegeze. Lakini kidonda kikubwa kilikuwa kwenye intakula yenyewe, kona ya chini upande wa dereva, pale tangi la aluminiamu linapoungana na mapezi. Povu lilivimba, likapasuka, likavimba tena, mfululizo. Tukifungulia upepo hadi psi 5 tu, povu halikutoka kabisa. Ufa ulikuwa unafunguka presha ikipanda na kujifunga ikishuka. Ndiyo maana gari likiwa tupu lilikuwa halina neno, na kwa macho usingeona kitu isipokuwa doa la vumbi jeusi lenye mafuta pembeni ya kona ile. Doa hilo sasa ndilo ninalolitafuta kwanza kwenye gari lolote.

Intakula nilinunua iliyotumika, Ilala, na hapa kifaa kilinilipa mara ya pili. Nilimwambia muuzaji, "Kaka, naomba nipime kabla sijalipa." Akakubali. Ya kwanza ilivuja, ya pili ikakaa vizuri, nikachukua hiyo. Mafundi wengine walinishauri nichomelee ile ya zamani. Mimi siamini sana kuchomelea kona ya intakula, maana sehemu hiyo inatikisika na kupata moto na baridi siku nzima.

Baada ya kufunga intakula na mpira mpya, turbo ikarudi kwenye 1.7 bila mimi kuigusa.

Ila kifaa hiki kinapima njia ya hewa inayoingia kwenye injini tu, kutoka intakula hadi manifodi. Kikikuambia hakuna uvujaji, kazi bado ipo. Kagua gasketi za manifodi ya ekzosi: masizi meusi kwenye viungo maana yake moshi unatoroka kabla haujaizungusha turbo. Kagua westigeti (vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo) kama haijanata ikiwa wazi, na breki ya ekzosi kama inafunguka yote. Shika shafti ya turbo uitikise, utazame na feni yake kama haijaliwa na mchanga. Na usisahau filta ya dizeli! Turbo inazungushwa na nguvu ya moshi. Mafuta yakiwa kidogo moto ni mdogo, moshi ni dhaifu, na turbo haiwezi kusukuma hewa hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Dereva mwenzangu alikuwa tayari anachangisha hela ya turbo, tukambadilishia filta mbili za dizeli, gari likavuta.

Malalamiko yangu. Geji iliyokuja nacho imeandikwa hadi baa 10, wakati kipimo chetu hakizidi 2 na kidogo, hivyo mshale unacheza kwenye kipande kidogo cha mwanzo na kusoma psi 5 ni kukisia. Nimeiondoa nikaweka ya baa 4. La pili ni kubwa zaidi: vizibo havina minyororo. Kizibo kikichomoka chini ya presha hiyo kinaweza kumvunja mtu taya au kumuua. Nimechomelea vikulabu na kuvifunga kwa mnyororo kwenye chasisi, na hakuna anayesimama mbele ya kizibo upepo ukiwa ndani. Mtengenezaji alipaswa kuliweka hilo mwenyewe. Kwa sababu hiyo nakipa nyota nne, siyo tano.

Ukiagiza, pima kwanza kipenyo cha mdomo wa intakula na cha bomba la manifodi kwenye gari lako, maana mara nyingi havilingani na seti ndogo ina kizibo kimoja tu cha kila saizi. Chukua seti inayofika milimita 110.