Anki kwa nahau za ubongo: inamfaa Mjerumani, ila kadi atengeneze mwenyewe

Mjerumani anayejifunza Kiingereza hasumbuliwi na "brainwashing", yaani kumtia mtu kasumba. Kwao ipo Gehirnwäsche, na maana ni ileile. Husumbuka pale Mwingereza anapotaja ubongo huku yeye amezoea kutaja kichwa. "Rack your brains", yaani kuumiza kichwa ukisaka jibu, kwao ni sich den Kopf zerbrechen. Akiifuata neno kwa neno anasema amevunja kichwa, na Mwingereza atadhani amejeruhiwa.

Anki, programu ya kadi za kukariri iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, inaimudu kazi hii vizuri sana. Hukurudishia kila kadi pale unapokaribia kuisahau. Lakini ukiweka nahau upande mmoja na tafsiri upande wa pili, utakariri jozi za maneno na bado ukwame kwenye mazungumzo.

Tumia aina ya kadi ya kujaza pengo. Andika sentensi nzima yenye mazingira yake, mfano "You have run a shop before, can I pick your brain?", kisha teua maneno ya kufichwa na ubonyeze Ctrl+Shift+C. Kosa kubwa hapa ni kuficha "brain" peke yake. Kila kadi itakuwa na jibu hilohilo, nawe utapata zote bila kujifunza chochote. Ficha kitenzi, au nahau nzima, na nyuma ya kadi eleza kwamba ni kumuuliza mjuzi ili unufaike na maarifa yake.

Kadi zinazostahili muda zaidi ni za maneno yanayofanana sura. "No-brainer" ni uamuzi ulio wazi, usiohitaji kufikiria. Hirnlos ya Kijerumani, yaani "bila ubongo", ni kumwita mtu hana akili. "Brainchild" ni kitu au wazo alilobuni mtu, na ni kumsifu, ilhali Hirngespinst ni njozi tupu, kwa hiyo kuzichanganya mbele ya mbunifu ni kumtusi. Kwa wazo zuri la ghafla, Geistesblitz, Mwingereza husema "brainwave" na Mmarekani huweza kusema "brainstorm". Kwa Mwingereza, "brainstorm" huweza pia kuwa kuchanganyikiwa kwa ghafla. Andika nchi juu ya kadi hizo, la sivyo hutajua jibu gani linatakiwa.

Kuhusu mipangilio: Anki huanza na kadi mpya 20 kwa siku. Kwa nahau ni nyingi mno, kwani zenye maana zinazokaribiana zikiingia siku moja hugongana kichwani. Shusha hadi 5. Tangu toleo 23.10 kuna kanuni ya ratiba iitwayo FSRS. Iwashe na uache lengo la kukumbuka kwenye asilimia 90, kwani ukilipandisha mno marudio yataongezeka kupita kiasi. Kadi ikikushinda mara 8 programu huitia alama. Usiirudie kwa ukaidi. Iandike upya kwa sentensi nyingine.

Kwenye kompyuta na simu za Android Anki ni bure, kwenye iPhone hulipiwa. Sura yake ni kavu, na menyu za mipangilio humchosha mgeni. Makusanyo ya kadi yaliyotengenezwa na wengine yapo tele, ila mengi ni zilezile jozi za maneno, na anayetaka kuyapakua tu bila kuandika sentensi zake hatapata faida ya maana kwenye nahau.