Neocities kwa tovuti ya ukoo: inafaa, ukikubali kuandika mwenyewe

Ukoo wetu umetawanyika Arua, Soroti na Juba, na tunachokutania ni Kiswahili. Baba alikuwa polisi, tukakulia kambini Nsambya, Kampala, ambako Mlugbara na Mteso hata wakigombana hugombana kwa Kiswahili. Nilitaka mahali pamoja pa kuweka majina, picha na habari za nyumbani. Usanifu wa tovuti sikuusomea. Mimi ni mtu wa fotokopi, nina kibanda Wandegeya.

Neocities, huduma ya kuweka tovuti yako mtandaoni, ipo tangu 2013. Akaunti ya bure inakupa GB 1, bila matangazo, na unaandika HTML (lugha ya kupanga yaliyomo kwenye ukurasa) na CSS (ya kuupamba) ndani ya kivinjari. Ukihifadhi tu, ukurasa uko hewani. Hupewi vitufe vya kuburuta huku na kule. Wapo watakaosema huo ni usumbufu. Mimi naipendea hapohapo.

Babu alikuwa na wake watatu. Violezo vya mti wa ukoo nilivyopitia vina kisanduku kimoja cha baba, kimoja cha mama, kisha watoto. Bibi wa pili aende wapi? Na wa tatu? Kwa HTML jambo hili ni orodha ndani ya orodha. Jina la babu linakaa kwenye li, yaani kipengele kimoja cha orodha. Ndani ya li hiyo unafungua ul, yaani orodha, ya wake zake. Kila mke ana li yake, na ndani yake ul ya watoto wake. Nyumba zote tatu zinasimama ngazi moja. Kisha CSS kidogo tu: unaondoa vitone, unachora mstari upande wa kushoto, na mti umeonekana. Shangazi wa Soroti aliukagua kama anakagua mahari, akasahihisha tu nani alimtangulia nani kuzaliwa.

Jingine ni uzito. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12, na ndugu zangu wengi wananunua bando la siku. Ukurasa wa maandishi matupu ni KB chache. Picha ndizo zinazomaliza watu: picha moja ya simu hupita MB 3 kirahisi, kwa hiyo nazipunguza hadi upana wa pikseli 1200 kabla ya kuzipandisha, na kila iliyo chini ya ukurasa naiwekea loading="lazy", isipakuliwe mpaka msomaji aikaribie. Usiache pia mstari wa meta wa viewport, unaoiambia simu ilinganishe ukurasa na upana wa kioo chake. Bila huo simu huuchukulia ukurasa kuwa wa kompyuta, ikaubana wote kwenye kioo kidogo, na mzee wa miaka sabini anaona sisimizi.

Mafunzo ya HTML na CSS utayapata kwingine. W3Schools ni nzuri kwa mwenye haraka: mfano uko pale, unaubadilisha na kuona matokeo papo hapo. MDN ya Mozilla ina maelezo marefu, na ndiko nilikoelewa flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye ukurasa, inavyofikiri. Masomo niliyotumia ni ya Kiingereza, lakini tagi, yaani alama za HTML kama ul na li, ni fupi, mkono unazizoea.

Mipaka ipo. Akaunti ya bure haipokei video wala mp3, kwa hiyo mwenye rekodi za wazee atafute pengine pa kuziweka. Na kurasa ziko wazi kwa dunia nzima: namba za simu sijaweka, wala tarehe za kuzaliwa za watoto. Mwenye duka anayetaka kupokea malipo asijisumbue nayo.

Kwa sasa tawi la Juba ndilo lenye mapengo. Baba mdogo amenitumia majina ya wajukuu wote kwa ujumbe wa sauti, jogoo wanawika nyuma yake, na nimemwomba ayaandike.