Famasi ya Sinza iliyokataa kuniuzia dawa

Naipa nyota nne famasi ndogo iliyoko Sinza, Dar es Salaam, upande wa Mori, katikati ya saluni na duka la vifaa vya umeme. Jina siliandiki kwa kuwa mfamasia mwenyewe ameniomba nisimtangaze. Nyota hizo wamezipata kwa jambo moja: pale wanauliza kwanza, kuuza baadaye. Kwa shida niliyokwenda nayo, hilo lina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Shida yenyewe ni kutoka damu wakati wa haja kubwa. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 48, na kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Damu ilikuwa nyekundu mbichi, matone chooni na alama kwenye tishu, wala haikuniuma. Duka jingine, mtaa mwingine kabisa, nilikuwa nimefungiwa bahasha ya antibaiotiki na diklofenaki, dawa ya maumivu, bila kuulizwa hata umri. Nguzo za umeme za jiji hili nazo zimejaa vibandiko vya dawa ya bawasiri na namba za simu. Mtu mwenye aibu anaishia huko, na hilo linaniuma sana, maana najua wanaume wa rika langu wanavyoficha jambo hili hata kwa wake zao.

Yule dada mfamasia wa Sinza alinipa shikamoo, na aliposikia nimeanza kunong'ona akatoka nyuma ya kaunta, tukakaa kwenye benchi la pembeni. "Baba, hiyo damu iko juu ya choo au imechanganyika nacho? Unapata choo kigumu? Umepungua mwili? Kuna dawa yoyote unayomeza?" Akanieleza kwamba damu nyekundu mbichi mara nyingi inatoka karibu na mlango wa haja kubwa: ama bawasiri, yaani mishipa ya damu iliyovimba, ama mchaniko ulioletwa na choo kigumu. Mchaniko unauma sana wakati wa kujisaidia. Bawasiri ya ndani inaweza kutoa damu bila maumivu. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, ni habari nyingine: damu hiyo huwa imetoka huko juu, tumboni, na mtu anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asishtuke sana akiona choo cheusi, vidonge hivyo vina kawaida hiyo, ila amwambie mkunga.

Nilipotaja kwamba nameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, alisimamisha mazungumzo. Dawa za kundi hilo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, zinaweza kuchubua tumbo na kusababisha damu. Akaniambia hiyo ya mgongo niiweke kando. Mtu aliyeandikiwa aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo asiziache mwenyewe, arudi kwa daktari wake.

Sasa vitu nilivyonunua. Beseni dogo la plastiki ndilo limenisaidia kuliko vyote, na lile unaweza kulipata Kariakoo popote. Unaweka maji ya vuguvugu, si ya moto, bila dettol wala chumvi, unakaa dakika 10 hadi 15, hasa baada ya kutoka chooni, kisha unajikausha kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Maganda ya isabgoli, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, yanalainisha choo vizuri, lakini lazima yanywewe na glasi nzima ya maji na maji mengine siku nzima. Bila maji yanaweza kukuziba. Krimu ya kupaka ilituliza muwasho tu. Yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, haitakiwi kupita wiki moja, kwa sababu inapunguza unene wa ngozi. Nyumbani tumeacha sembe, tumehamia dona, maharage, matembele na papai, na chooni siendi tena na simu: nikimaliza natoka, bila kujikamua.

Damu ilipungua, kisha ikarudi. Nikaenda kuongeza krimu na yule dada akakataa kuniuzia. Aliuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo mpana. Nikamwambia kaka yangu, marehemu. "Basi baba, hapa kwangu dawa yako hakuna. Nenda ukapimwe." Akaniandikia kwenye karatasi maelezo ya kumpa daktari, bila kunitoza senti.

Hospitali walinipima kwa kidole, wakanichungulia kwa kifaa kifupi, wakapima wingi wa damu, na kwa ajili ya umri na habari ya kaka nikapewa rufaa ya kipimo cha kamera Muhimbili. Maandalizi yanachosha, unakunywa vimiminika tu na dawa ya kusafisha utumbo, ila kipimo chenyewe kinavumilika. Ilikuwa bawasiri ya ndani. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata muda mrefu.

Kwenye ile karatasi alikuwa ameandika pia yanayomfanya mtu asisubiri hata kama ni kijana: damu nyingi au yenye mabonge, kizunguzungu au kuzimia, moyo kwenda mbio, tumbo kuuma sana, homa. Haya mtu anapelekwa dharura, Mwananyamala, Amana, Temeke, popote palipo karibu. Kuhara damu na kamasi ni kwa daktari pia, maana huenda ni maambukizi. Na damu inayozidi wiki moja, kupungua uzito au choo kubadilika mtindo, hayo hayatibiwi dukani.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu benchi lile liko karibu mno na foleni. Pazia tu lingetosha, na nimeshawaambia nitalishona mimi. Pia bei ya isabgoli iko juu kidogo. Wanafunga saa tatu usiku, lakini mfamasia mwenyewe anaondoka saa kumi jioni na anayebaki anauza tu. Mwenye shida hii aende asubuhi.