Alinirudishia bunduki yangu na bolti ya mtu mwingine

Nimekaa na hasira hizi wiki kadhaa nikidhani zitapoa. Hazikupoa. Kila nikifungua kabati la chuma nikaiona imesimama pale, fupi, nyeusi, imependeza, damu inachemka upya. Kwa hiyo naandika kuhusu fundi aliyeifupisha. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mtutu tu. Nitaeleza.

Bunduki ni Lee-Enfield No. 4 Mk I*, ya kiwanda cha Long Branch kule Canada, imegongwa 1943. Kabla wapenzi wa vitu vya kale hawajanirukia: sikuikuta nzima. Kuna mtu zamani, simjui na sitaki kumjua, aliifanya ya kuwindia. Mbao ya mbele aliikata kwa msumeno, ya juu ya mtutu akaitupa, pete zake zikapotelea anakojua yeye. Kuirudisha ilivyotoka jeshini kungenigharimu kuliko ilivyonigharimu yenyewe. Nikaona maji keshayavulia nguo mwenzangu, mimi niyaoge tu. Nikaamua iwe karabini: mtutu mfupi, kitako cha plastiki ngumu, reli juu ya kufungia kilenga cha nukta nyekundu. Vipimo na uzito wa kila kitu mnaweza kutafuta wenyewe, sina nafasi ya hayo hapa.

Wazo lenyewe si geni. Waingereza walilifanya wao wenyewe mwaka 1944, wakachukua No. 4 wakaifupisha na kuichonga chonga ipungue uzito, wakaiita No. 5. Watu wakaipachika jina la karabini ya msituni, maana vita vya Burma vilikuwa vimewafundisha kuwa bunduki ndefu na vichaka haviendi pamoja. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, waliobeba Lee-Enfield huko wangewaambia bila kulipwa. Hiyo No. 5 ilikuwa nyepesi kweli, lakini ilipiga bega kama teke la punda, na ilisifika kwa ugonjwa wa kuhamahama shabaha: leo umeirekebisha inapiga katikati, kesho inapiga pembeni, wala hujui ulichoikosea. Huo ugonjwa ndio uliokuwa ukininyima usingizi. Nilimwuliza fundi kuhusu huo, nikamwuliza tena, nikamwuliza mpaka akacheka.

Kuhusu bolti, kile chuma unachokisukuma na kukivuta kufungia risasi ndani, sikumwuliza kitu. Nani anauliza kuhusu bolti? Ukipeleka gari kupakwa rangi unauliza kama litarudi na injini yake?

Fundi huyu nilielekezwa na watu watatu tofauti, wote wakimsifia mkono. Na mkono anao, ngoja niseme haki. Siku ya kwanza aliniita bosi. "Bosi, hii kitu nikimaliza hutaitambua." Alipitia vibali vyangu ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza urefu wa mtutu unaoruhusiwa kwenye leseni yangu kabla sijafungua mdomo, akasema hakati hata milimita chini ya hapo. Nikampenda palepale. Fundi anayeogopa sheria ni fundi unayemwamini. Alisema wiki tatu. Ikawa miezi, sitaki kuihesabu.

Siku ya kuichukua nilisahau miezi yote. Niliiinua ikaja begani yenyewe. Ile Lee-Enfield ndefu huwa inakuelemea mbele, mkono wa kushoto unachoka kabla hujalenga. Hii inakaa katikati ya mikono kama imepimwa kwako. Mdomo wa mtutu nilioukagua kwa tochi ulikuwa umekatwa sawasawa, ukingo wake safi, hakuna hata ukwaruzo. Anayejua bunduki anajua hapo ndipo mafundi wengi wanapoaibika, kwa sababu risasi ikitoka kwenye mdomo uliopinda kidogo tu, basi, shabaha imekwenda. Uwanjani siku hiyo niliweka risasi tano ndani ya duara ninaloweza kulifunika kwa kiganja, umbali wa mita mia. Wiki iliyofuata, palepale. Haikuhama. Ule ugonjwa wa No. 5 haukuwepo. Ningeandika siku ile, ningetoa nyota tano na kumtumia fundi salamu za sikukuu.

Ila reli. Hata katika furaha niliona reli imefunika ile sehemu ya juu unapochomeka klipu. Lee-Enfield hupakiwa risasi tano tano kwa klipu, mbili zinajaza magazini ya kumi. Ndiyo raha yake, ndiyo iliyowapa askari wa zamani uwezo wa kupiga risasi kumi na tano na zaidi kwa dakika moja. Kwangu sasa naingiza moja moja kwa kidole gumba, huku nikichunga kila ukingo wa risasi ukae mbele ya ule wa chini yake, maana .303, risasi ya bunduki hii, ina kitako chenye ukingo uliotokeza, na ukizipanga vibaya zinakwamana. Hili angeniambia. Lakini sawa, kila kitu kina gharama yake, nilimeza.

Sasa njooni kwenye siku ya tatu uwanjani.

Niliokota maganda yangu kama kawaida, huwa nayajaza upya nyumbani. La kwanza nikaliona lina mstari unaong'aa kulizunguka, karibu na kitako, mwembamba kama uzi. La pili lina mstari. Hata la tano, la sita. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikasema nimalizie yaliyobaki.

Risasi ya nane au ya tisa ilisikika tofauti. Si mlio mkubwa. Ulikuwa mlio wenye mluzi ndani yake. Hewa ya moto ikanipiga shavuni, miwani ikapata ukungu wa mafuta na masizi. Nikavuta bolti. Kikatoka kitako cha ganda peke yake, kama kizibo cha chupa. Kiwiliwili chote kilibaki ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kimenata. Mikono ilitetemeka kiasi kwamba jirani yangu uwanjani ndiye aliyeniwekea bunduki chini, akaniambia, "Kaa kwanza, kaka. Kaa." Nikakaa. Bila miwani ile nisingekuwa naandika haya, au ningekuwa naandika kwa jicho moja.

Nyumbani nikachukua waya mwembamba, nikaukunja ncha, nikaupitisha ndani ya maganda mengine moja moja. Palepale penye ule mstari waya ulikwama kwenye mfereji. Shaba ya ganda ilikuwa imevutika ikawa nyembamba kama karatasi. Maana yake wazi: risasi ilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma kupita kiasi kila ikilipuka, kwa sababu bolti haikuwa imeishikilia karibu ipasavyo.

Ndipo nikageuza mpini wa bolti kuangalia nyuma yake, pale inapogongwa namba.

Haikuwa namba yangu.

Bunduki za Long Branch zina herufi L katikati ya namba. Yangu ina L kwenye chuma cha ubavuni, na bolti yake ilikuwa na L hiyohiyo, tarakimu kwa tarakimu. Ninayo picha niliyopiga siku nilipoinunua. Bolti niliyokuwa nayo mkononi haikuwa na L yoyote. Ilikuwa ya kiwanda kingine kabisa. Na kichwa chake, kile kipande cha mbele kinachofunguka, kilikuwa kimegongwa 0. Changu kilikuwa 2.

Kwa asiyejua: vichwa vya bolti za No. 4 vilitengenezwa kwa saizi nne, 0 mpaka 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko cha nyuma yake, ili mafundi wa jeshi waweze kurekebisha hiyo nafasi kila bunduki inapochakaa. Na bolti yenyewe ilisawazishwa iegemee chuma cha bunduki yake pande zote mbili. Ndiyo maana wakaigonga namba. Hawakuigonga kwa urembo. Askari kambini alijua kwamba ukisafisha bunduki pamoja na wenzako unahakikisha umerudisha bolti yako. Kuruta anajua. Huyu mwenye karakana na mashine ya kukereza hajui?

Nikaazima geji, kipande cha kupimia hiyo nafasi. Kikomo kilichowekwa kwa bunduki hizi ni 0.074 inchi, bolti ikifunga juu ya geji hiyo, bunduki haifai kupigwa mpaka irekebishwe. Yangu ilifunga laini kama mlango wa friji.

Nikaenda kwake. Nilienda kwa adabu, naapa. Nimebeba ganda lililokatika kwenye kikaratasi, nimebeba picha, nimebeba bolti.

"Shikamoo fundi," nikamwambia, maana amenizidi umri.

Hakuitikia. Aliangalia ganda, akaangalia mikono yangu, akasema, "Unajaza mwenyewe, eh?"

Nikasema ndiyo, lakini nimejaza mara mbili tu, na kwa kipimo cha chini.

"Basi tatizo ni lako."

Nikamwonyesha namba. Hapo ndipo alipotoa neno ambalo nitazikwa nalo. Alichukua bolti, akaipima uzito mkononi kama anapima kiazi, akasema: "Wewe. Chuma ni chuma. Zote zinaingia."

Zote zinaingia! Ufunguo wa jirani pia unaingia kwenye kitasa changu, mzee, swali ni nini kinatokea baadaye. Na angalieni: siku ya kupokea pesa nilikuwa bosi. Siku ya kulalamika nikawa wewe. Kuna kijana wake wa kazi alikuwa pembeni anapiga msasa mbao, akainamisha kichwa, akaendelea kupiga msasa mahali palepale mpaka nikahisi atatoboa.

Nimejaribu kumtetea kichwani, kwa sababu sipendi kumchafulia mtu kazi. Ni kweli chemba za .303 za wakati wa vita zilichimbwa pana, zipokee risasi yenye matope na mchanga, na maganda yake hayadumu hata kwenye bunduki nzima. Ni kweli nilikuwa nimeyajaza mara mbili. Ni kweli pia kwamba niliona mistari nikaendelea kupiga, na huo ni upumbavu wangu, sitaki kumbebesha. Kuna usiku nilikaribia kusema ni ajali, karakana ina bunduki nyingi mezani, bolti zikachanganyikana, nani hakosei. Ningesamehe hilo. Kosa la kuchanganya ningelisamehe kabla ya chai kupoa.

Lakini hakusema alichanganya. Alisema zote zinaingia. Na hakuweka geji. Kazi nzima hiyo, kukata mtutu, kuufunga kwenye kitako kipya, kufunga reli, halafu dakika mbili za kuingiza geji na kufunga bolti zikamshinda. Kila nikikumbuka hilo ule mdomo wa mtutu uliokatwa vizuri unaniudhi zaidi, kwa sababu unaonyesha anaweza. Mbovu wa kweli humkasirikii, unamhurumia.

Fundi mwingine amenitafutia kichwa namba 3, na kwa hicho bolti ya mgeni sasa inakataa kufunga juu ya geji ya 0.074. Nimepiga risasi mpya za kiwandani ishirini, maganda yametoka safi, waya haukwami popote. Na bado inapiga duara lilelile la kiganja. Inauma kusema, ila ndiyo bunduki tamu kuliko zote nilizowahi kushika. Nikiwa uwanjani nasahau, namtolea fundi nyota nne moyoni. Nikirudi nyumbani kuisafisha, nageuza mpini, naiona ile namba isiyo na L, zinashuka hadi sifuri.

Mkitaka kumpelekea kazi ya kukata mtutu, sijui niwaambie nini. Pelekeni mtutu peke yake. Bolti ibaki nyumbani, mfukoni, chini ya mto, popote isipomfikia.

Juzi alinitumia kifurushi kwa yule kijana wake. Nilidhani ameitafuta akaipata. Nilikifungua nimesimama mlangoni, sikusubiri hata kisu. Ndani kulikuwa na bolti tatu zimeviringishwa kwenye gazeti lenye grisi, bila barua. Kijana akasema kwa sauti ya chini, akiangalia viatu vyake: "Mzee anasema uchague."

Nilizifuta moja moja kwa kitambaa, nikazigeuza kwenye mwanga. Hakuna yenye L.